Mhindi Wenu Hana Utoto

Wenzangu waandishi chipukizi, safari hii sikuja na hadithi. Nimekuja kugombana. Atakayechukia achukie kwa kalamu, anijibu humu humu, kurasa zipo.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika kikao chetu cha Jumamosi nilisoma hadithi yangu, kurasa 19 za daftari kubwa, nilizoziandika kwa mkono kwa miezi mitatu. Inahusu mtoto mgonjwa wa moyo aliyekaa juu ya paa la nyumba katika jiji la Ahmedabad, India, ameshika kigurudumu cha uzi wa tiara. Basi, ni hivyo tu. Hapigani na jambazi, haimbi kwenye mvua, hampendi binti wa tajiri. Anashika uzi mpaka jua linazama. Nilipomaliza kukawa na kimya, halafu kaka mmoja ambaye mi mwenyewe namheshimu, maana ameshatoa vitabu viwili vimeuzwa mpaka stendi ya mabasi, akakohoa, akasema: "Mdogo wangu, lugha unayo. Ila hao siyo Wahindi. Mhindi gani anacheza gololi? Weka bastola hapo. Au weka wimbo."

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, maana ukichekwa ukanuna unachekwa mara mbili. Lakini nilitembea kwa miguu toka pale mpaka nyumbani bila kuona njia.

Hebu tuulizane. Mhindi katika hadithi zetu ni nani? Kwangu mimi huingia kwa milango miwili tu. Wa kwanza ni mlango wa banda la video. Hapo ni jitu lenye misuli, linapigwa risasi sita halifi, mama yake kipofu, ndugu yake alipotea utotoni na watatambuana kwa alama ya kuzaliwa. Mlango wa pili ni wa duka. Hapo yuko nyuma ya kaunta, anahesabu noti, anasema "wewe mtu gani bana," na kabla ya ukurasa wa kumi atakuwa amemfukuza kazi shujaa wetu. Kati ya milango hiyo miwili hamna kitu. Hajawahi kuwa na miaka minane. Hajawahi kuibiwa mpira, kuitwa ndani akale, wala kulia kwa sababu wamemtoa kwenye mchezo. Eti tunajiita waandishi!

Sasa mtasema, wewe umejuaje? Haki yenu kuuliza.

Mwishoni mwa Novemba 2012, mama yangu, mdogo wangu wa miaka 7 na mimi wa miaka 14 tulishuka Ahmedabad. Mdogo wangu alizaliwa na tundu kwenye moyo. Baba alibaki, maana kiwanja kilichouzwa na michango ya ukoo vilitosha tiketi tatu. Mi nilipelekwa kwa ajili ya Kiingereza changu cha sekondari, mama hakuwa nacho kabisa. (Nikafika nikakuta majirani nao wanasema Kigujarati tu. Mkalimani akageuka bubu.) Tulipanga chumba katika mji wa zamani, ng'ambo ya mashariki ya mto Sabarmati, kwa bibi mmoja mjane ambaye mtaa mzima ulimwita Ba, yaani mama. Mama yangu wakamwita "ben", dada. Hakuna aliyehangaika na jina lake kwa miezi mitatu, na yeye hakuona shida, kwani kwetu naye si ni mama fulani tu?

Mji huo uliasisiwa mwaka 1411 na Sultani Ahmad Shah, na mitaa yake ya zamani huitwa pol. Mnaojua Mji Mkongwe wa Unguja mtaelewa haraka. Vichochoro vimebanana mpaka bajaji inakwama, nyumba za mbao zimechongwa nguzo na madirisha, mtaa una lango lake na wakati wa zamani lango lilifungwa usiku. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza mji huo katika urithi wa dunia, wa kwanza kupata heshima hiyo nchini India. Lakini kilichonishika mi ni mnara mdogo katikati ya pol yetu, nguzo yenye kijumba kilichonakshiwa juu. Nikadhani kaburi la mtu mkubwa. Kumbe ni mahali pa kuwekea nafaka za ndege. Kila alfajiri Ba alitoka na kibakuli. Kunguru, njiwa, kasuku wa kijani, wote walikula pale kabla yeye hajanywa chai. Ushikeni mnara huo, nitaurudia.

Na watoto je? Kaka yangu uliyetaka bastola, nisikilize vizuri hapa. Watoto wale walicheza gololi kwenye vumbi, wakapima kwa shibiri na kugombea kama alipiga kidole au alisukuma mkono. Walizungusha pia. Walikuwa na mchezo wa kijiti kifupi kilichochongwa ncha mbili, unakigonga kwa kijiti kirefu kiruke juu, kisha unakipiga kikiwa hewani. Walikuwa na mchezo wa mawe saba: mawe bapa yanapangwa mnara, timu moja inauvunja kwa mpira, halafu inahangaika kuupanga tena huku wenzao wanawalenga. Nilipouona mara ya kwanza nikawakumbuka dada zangu wa Buguruni kwenye rede, yule wa katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku anakwepa mpira mbele na nyuma. Sikuhitaji Kigujarati. Siku ya tatu niliingia uwanjani.

Wao waliniita Sidi. Nilidhani tusi, nikakunja ngumi. Mjukuu wa Ba akanivuta mkono mpaka kwenye msikiti mmoja mdogo, akanionyesha dirisha la jiwe lililochongwa kama mti, matawi yamesokotana mpaka unajiuliza fundi alipitisha wapi patasi. Msikiti wa Sidi Saiyyed, uliojengwa mwaka 1573. Aliyeujenga alikuwa Mhabeshi. Masidi ni Wahindi wenye asili ya Afrika, na wapo Gujarat mpaka leo, wanasema Kigujarati kama Ba. Kumbe wale watoto walikuwa wananipa ndugu. Nani kati yetu ameandika hata ukurasa mmoja wa Sidi? Tunasema gari, tunasema laki, tunasema hundi, maneno yaliyovuka bahari hiyo hiyo, lakini watu wenyewe tunawasubiri kwenye video.

Kriketi siielezi sana, maana kila mtu anajua India inaumwa kriketi. Mwaka 2020 walifungua palepale Ahmedabad uwanja wa watu 132,000, mkubwa kuliko wote wa kriketi duniani. Lakini kriketi ya pol ilikuwa na sheria zake. Wiketi ni matofali matatu au mstari wa mkaa ukutani. Ukipiga mpira ukaingia kwa mzee mkali, umetoka. Ukidakwa kwa mkono mmoja baada ya mpira kudunda mara moja, umetoka. Mwenye gongo anaanza yeye, akitolewa mapema anaondoka na gongo lake. Niambieni hapo kama hamjapata riwaya. Mtoto mwenye gongo ambaye hajui kucheza, na mtoto fundi asiye na gongo, katika kichochoro cha hatua nne. Mimi ningeiandika hiyo hata kesho.

Tiara ndiyo iliyonifunga lakini.

Tarehe 14 Januari huko ni Uttarayan, siku ambayo kwa hesabu zao jua linageukia kaskazini. Jiji lote hupanda mapaa, na siku ya pili yake hupanda tena. Wiki kadhaa kabla, njiani zilisimamishwa nguzo za miti, uzi mweupe wa pamba ukavutwa kwenda na kurudi kati ya nguzo hizo. Wanaume waliotoka mbali, wengi wao jimbo la Uttar Pradesh, walitembea wakiupaka uzi ule donge walilolishika mkononi: uji wa wali, rangi ya waridi na unga wa chupa zilizosagwa. Uzi huo unaitwa manja. Kazi yake ni kukata uzi wa mwenzio angani. Wale mafundi walifunga vidole kwa vitambaa, na bado vilikatika. Jioni niliwaona wananawa, maji yanateremka mekundu, nikashindwa kujua ipi rangi, ipi damu. Asubuhi wanaanza tena, kwenda na kurudi, kilomita kwa kilomita, barabara ile ile, ili mtoto wa mtu apige kelele za ushindi.

Mdogo wangu alipasuliwa tarehe 18 Desemba. Siku ya tiara alikuwa katika wiki ya nne, ana mshono kifuani toka shingoni mpaka karibu na tumbo, amekatazwa kukimbia, kuinua kitu, hata kucheka kwa nguvu. Tulimpandisha paani kwa kiti, mimi mbele na mpangaji mwenzetu nyuma. Mama aliomba Mungu kila ngazi.

Paani nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona tena. Mapaa yote mpaka upeo wa macho yamejaa watu, bibi na vitukuu, sahani za mboga za majira ya baridi na jalebi, kashata za ufuta kama zetu kabisa, na juu mbingu haionekani kwa karatasi. Uzi ukikatwa paa zima linapiga ukelele, "Kai po che!" Maana yake, nimeukata! Chini watoto wasio na tiara wanakimbia na miti mirefu yenye matawi ya miba nchani kunasa zilizokatwa. Mwenye pesa na asiye na pesa wanacheza mchezo mmoja kwa njia mbili.

Mrushaji hawezi kurusha peke yake. Anahitaji mtu wa nyuma yake ashike firki, kile kigurudumu cha uzi, akilegeze kinapovutwa. Ba alimwangalia mdogo wangu, akamwangalia mjukuu wake, akachukua firki akamwekea mtoto mapajani. Akamwonyesha kwa mikono: usizungushe, acha kijizungushe chenyewe. Basi mdogo wangu akashika. Uzi ukikatwa mi ndiye niliyezungusha kurudisha. Saa nane zima, mtoto ambaye miaka yote hakuruhusiwa mchezo wowote alikuwa mchezoni, na hakuinuka kwenye kiti. Kila ukelele ulipopigwa alitazama kifua chake kwanza, kisha akatabasamu taratibu kama alivyoagizwa na daktari.

Hiyo ndiyo hadithi niliyoambiwa niweke bastola.

Tena silaha imo, kaka, ulipitwa nayo. Mchana ule njiwa alianguka katikati ya paa letu, bawa limening'inia kwa ngozi. Uzi ule haujui kama umekata uzi au shingo. Ba aliyelisha ndege kila alfajiri alimfunika njiwa kwa ncha ya sari, akamteremsha chini, halafu akapanda tena kuangalia tiara. Mi nilimwangalia yule bibi nisijue nimpende au nimkasirikie. Kila mwaka wenye pikipiki hukatwa shingo barabarani, ndiyo maana Januari utawaona wamefunga skafu nzito, na wengine wameweka upinde wa waya mbele ya usukani ili uzi unase hapo. Kila mwaka watoto huanguka kwenye mapaa. Serikali ya Gujarat huendesha kampeni ya kuokoa ndege siku hizo, na watu huombwa wasirushe alfajiri na jioni ndege wanapokwenda na kurudi. Mwaka 2017 mahakama ya mazingira ya India ilipiga marufuku nchi nzima uzi wa nailoni, ule mbaya kuliko wote, usiooza wala kukatika. Marufuku ipo, na uzi huuzwa kwa siri.

Kwa hiyo siwaachi salama hata nyie wa upande wa pili, mlionitetea Jumamosi ile. Nawashukuru, lakini mlinitetea vibaya. Mlisema, "Mwacheni, utoto ni mtamu, anatukumbusha zamani tulipocheza bila wasiwasi." Nani alicheza bila wasiwasi? Tiara zile hazitoki mbinguni. Katika mtaa wa Jamalpur familia nyingi za Kiislamu hutengeneza tiara karibu mwaka mzima. Mmoja anakata karatasi, mwingine anachonga vijiti vya mwanzi, wanawake wanabandika nyumbani kwa malipo ya kuhesabu vipande. Kisha tiara hizo hurushwa siku ya sikukuu ya Wahindu, na Waislamu nao wanarusha. Mkiishia hapo mtasema, ona walivyo wamoja. Lakini ni jiji hilo hilo ambalo mwaka 2002, katika ghasia zilizoua watu zaidi ya elfu moja Gujarat, majirani waliwachoma majirani, na mpaka leo Waislamu wengi na Wahindu wengi wanaishi mitaa iliyotengana. Wazee wa pol yetu wengine walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo vilivyolifanya jiji liitwe Manchester ya India, viwanda ambavyo vilifungwa kimoja baada ya kingine miaka ya 1980 na 1990. Walikaa barazani wanatutazama tukicheza saa za kazi. Mtoto anajua baba yake yuko nyumbani mchana kwa nini. Anajua, na anaendelea kulenga gololi. Anayeandika gololi akamfuta yule baba barazani amedanganya sawasawa na anayeandika bastola.

Narudi kwako kaka yangu, na hapa naomba usikasirike sana. Mwaka jana ulitusimulia filamu moja ya Kihindi mpaka ukatoa machozi. Marafiki watatu, duka la vifaa vya kriketi, ghasia, mmoja anakufa. Ukasema tuige ukali ule. Filamu ile, ya mwaka 2013, ilitengenezwa kutokana na riwaya ya Chetan Bhagat ya mwaka 2008, na mambo yake yanatokea Ahmedabad. Jina lake ni "Kai Po Che!" Umelitaja mara ngapi jina hilo kikaoni? Ni ukelele wa watoto wa tiara, bwana. Uliusikia, ukalia, halafu ukaja kuniambia Mhindi harushi tiara.

Wenyewe hawakusubiri ruhusa yetu. R. K. Narayan alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1935, Swami and Friends. Ndani yake mvulana wa shule katika mji wa kubuni wa Malgudi anaanzisha na wenzake klabu ya kriketi, hawana vifaa, wanaandika barua Madras kuviagiza. Graham Greene, Mwingereza, ndiye aliyemsaidia kupata mchapaji London. Ni kitabu cha watoto na barua zao za kuagiza magongo, na ndiyo kilichomfungulia njia Narayan. Na hapa kwetu? M. G. Vassanji, aliyekulia Dar es Salaam, aliandika watoto wa Kihindi wa mji huu katika hadithi za Uhuru Street, mwaka 1991. Mtaa wa Uhuru! Ule ule unaopita ukienda Kariakoo kununua daftari. Lakini kaziandika kwa Kiingereza, naye yuko Kanada. Kwa hiyo mtu akitaka kujua mtoto wa Kihindi alicheza nini barabarani kwetu, lazima akamsome kwa lugha ya mkoloni. Mimi hilo linaniuma kuliko kuchekwa.

Mtaniambia Wahindi wa hapa wamejifungia, watoto wao hatuwaoni. Kuna ukweli, sikatai. Ghorofa zina mageti, gari la shule linamchukua mtoto mlangoni. Lakini we mwandishi umewahi kusimama Upanga jioni ukainua kichwa uone wanachofanya kwenye balkoni? Umewahi kumwuliza mwenye duka alipokuwa na miaka minane alicheza nini na nani? Mi nilimwuliza mmoja, mzee wa Kisutu anayeniuzia wino. Aliacha kuhesabu chenji. Akasema pia, na uzi wa pia waliuiba kwenye magunia ya baba yake, yeye na mtoto wa mpishi. Akanieleza nusu saa, foleni nyuma yangu inalalamika. Mtoto wa mpishi alikuwa anamshinda kila siku, na mpaka leo hajamsamehe.

Mdogo wangu yuko hai, amemaliza shule, anabishana nami kila chakula cha usiku. Nilimsomea kurasa zile kabla ya kuzileta kikaoni. Akanisahihisha mahali pawili. Kwanza, njiwa alianguka kabla ya kula, siyo baada. Pili, ati uliandika Ba alinipa firki kwa huruma. Hakunipa kwa huruma, mjukuu wake alikuwa anakosea kuilegeza na walikuwa wanakatwa kila mara.

Nimeparekebisha pote pawili. Jumamosi ijayo naisoma tena, kurasa zimekuwa 21. Bastola sijaweka.